Malori Yanayokunywa Zaidi Yakishuka Sekenke

Shelui, Jumatatu, 2 Agosti 1999

Dada Saada, assalaam alaykum, na shikamoo. U mzima hapo Kintinku? Miguu je, na mbuzi? Mimi mwili mzima. Ulisema niandike kila siku nikutumie kurasa kwa basi, maana kwa mdomo huwa nakuficha. Basi, bismillahi, sifichi.

Nimepata kazi! Bwana Benjamin, mtaalamu kutoka Dar, anapima moshi wa malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi. Eti una hewa inayoipasha dunia joto, na wakubwa wanabishana ihesabiwe kwa nani: mwenye mzigo, mwenye lori au mwenye barabara. Moshi haukamatiki, kwa hiyo anapima dizeli. Mwenzake anapima tangi Singida mjini, mimi napima hapa. Kilichopungua njiani ndicho kilichogeuka moshi.

Alitaka mtu mwaminifu. Imamu akanitaja mimi, mshika funguo za msikiti, kama alivyozishika baba. Paskali, yule mwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara, kanuna mpaka masikio. Alhamdulillahi!

Jumanne, 3 Agosti

Kazi nzuri, ila sharti moja limenishinda. Benjamin anataka lori lipimwe mara tu linaposimama. Jamani! Mtu katoka mbali, hujamsalimu, hajanawa mikono, unachomeka kijiti kwenye tangi lake? Kwetu huo ni utovu wa adabu. Nawaacha madereva wale kwanza kwa mama Redempta. Wali, kuku, chai. Ndipo napima.

Sasa siri, dada. Wakiwa wanakula, utingo huleta dumu la dizeli nyuma ya mashine yangu ya kusaga. Bei nzuri sana. Sikuanza mimi! Tangu biashara iwe huria kila mtu anajitafutia. Na ninachoandika ni kile kile kijiti kinachoonyesha. Uongo sijaandika hata chembe.

Jumatano, 4 Agosti

Balaa. Benjamin kaja anatetemeka kwa furaha. Anasema malori yakipanda Sekenke kutoka kwetu yanakunywa kiasi, lakini yakishuka kuja kwetu yanakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Kushuka! Na mlima unayasukuma! Hajaona jambo kama hilo kwenye kitabu chochote. Akaniuliza mimi mwenyeji naonaje.

Nikasema labda vumbi.

Akaliandika. Kaandika vumbi, akanishukuru, akaniita mzee wangu. Nilitazama kandambili zangu. Alasiri nilisahau niko rakaa ya ngapi.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimepata akili! Nikirudisha dizeli kidogo kwenye matangi, hesabu itatulia, hakuna wa kuumbuka. Nikavizia lori la dereva mmoja, Andrea, yeye yuko ndani anakula. Dumu mkononi, mpira shingoni. Nimeanza tu kumimina, Andrea huyo, anapiga kelele za mwizi!

Stendi nzima ikajaa. Nikaapa kwamba simwibii, namwongezea. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Redempta, na upawa wake mkononi, akauliza tangu lini Mselemu akampa mtu kitu. Paskali akauliza kama mashine yangu imeokoka. Nilipita katikati yao nanuka dizeli hadi kwenye kofia.

Ijumaa, 6 Agosti

Dada, kalamu nzito.

Tumetoka kuswali, Benjamin kasimama nje ya lango na Paskali pembeni yake. Kanipa shikamoo kwa adabu zote. Kisha akasema angependa kupima na moshi wa mashine yangu, kwa kuwa kaulizia kituo cha mafuta wakamwambia hawajaniona tangu Ramadhani. Hakunitukana. Alisema tu kwamba taarifa ya vumbi alishaituma Ulaya jana. Ningetukanwa ningepumua.

Imamu akaninyooshea mkono. Nikashukuru moyoni kwamba bado ananisalimia, nikampa wangu. Hakuushika. Alikuwa anataka funguo.

Nyumbani Anifa alinitengea chakula bila kuniuliza neno. Mke wangu, asiyeacha kuuliza hata bei ya chumvi!

Jumamosi, 7 Agosti

Nimetubu. Nimelia mpaka kanzu imelowa. Dizeli ya malori hapa Shelui sinunui tena, wallahi. Mashine imezimika, watu wanasaga kwa Paskali.

Lakini nimeswali, nimetulia, na kosa langu nimeliona: nilikuwa napima na kununua mahali pamoja. Hapo ndipo nilipopotea. Huko kwenu malori ya Rwanda yanapita vilevile, na hakuna anayepima. Mashine naweza kuifungua nikaipakia wiki ijayo. Andrea ameshakasirika, nitamwomba mwingine.

Nijibu upesi, dada, kwa basi hili hili: madereva wakifika Kintinku, wanakula wapi?

Nduguyo, Mselemu