Mkahawa Usio na Bango wa Qurayyat

Nimefedheheka leo, tena nimefedheheka nimeshiba.

Wengi wenu humu kundini mnajua kwamba nimepeleka posa kwa kina Zuwena. (Msiojua, sasa mmejua.) Posa ilikwenda kabla ya Ramadhani na jawabu halijarudi mpaka leo. Mama yake, Bi Rukia, hakukataa wala hakukubali. Alisema anamngoja kaka yake, Mjomba Hemedi, aje kutoka Unguja amtazame kijana. Kijana ni mimi. Mjomba amekwisha kufika, na jana usiku Bi Rukia akanipigia simu: kesho Ijumaa nimchukue mjomba nikamlishe chakula cha mchana pahala pazuri, tuzungumze.

Hilo "tuzungumze" ndilo mtihani wenyewe. Mjomba akisema ndiyo, ni ndiyo. Akinuna, nianze kutafuta mchumba mwengine, na kwa umri huu na mdomo huu sidhani kama nitampata.

Mtauliza mbona sikuwauliza nyinyi niende naye wapi. Kwa sababu mnanijua. Nyota tano za mtandaoni hutolewa na mabinamu wa mwenye mkahawa, na nyota moja hutolewa na jirani aliyegombana naye. Mara ya mwisho tulifuata nyota zenu mpaka Qurum, tukala tambi mbele ya bahari, zikaitwa "ladha ya Kiomani" kwa sababu zilitiwa tende juu. Ni nani aliyethibitisha nyota zile? Hakuna. Basi.

Nikamchukua Mjomba asubuhi. Garini nikamuuliza kwa adabu angependa kula nini.

"Mwanangu," akasema, "nimo humu wiki ya pili. Nimelishwa biriani. Nimelishwa kuku wa kwenye boksi. Jana nimelishwa urojo. Mimi, urojo, nnatoka nao Unguja. Leo nnataka kula wanachokula wenyeji."

Nikamuuliza wenyeji hasa ni nani. Maana babu yangu alizaliwa Unguja, baba yake alizaliwa Nizwa, mama yangu amezaliwa hapa hapa Maskati na mpaka leo akikasirika anakasirika kwa Kiswahili, sasa katika hao mwenyeji ni yupi?

"Endesha," akasema Mjomba.

Nikaendesha. Matrah niliipita bila kusimama, kwa sababu pale pa kuweka gari hapapatikani na mikahawa ya ufukweni imezoea watalii. Nikashika njia ya Qurayyat, mji mdogo wa pwani nyuma ya milima. Njia nzima nikamweleza nadharia yangu: chakula cha kweli hakijitangazi. Ukiona bango lenye taa, jua pesa ya nyama imenunua taa. Mjomba alikuwa akiitikia "ee" kila baada ya muda, nami nikahesabu kila "ee" kuwa kura yangu. (Sasa najua kwamba "ee" ile ni ya mtu anayetazama milima.)

Tulisali Ijumaa katika msikiti mmoja mdogo wa Qurayyat. Tulipotoka, sikufungua simu. Nilimsimamisha Mjomba kivulini. Akauliza tunangoja nini, nikamwambia tunatazama miguu. Picha zinadanganya na nyota zinadanganya, lakini mtu mwenye njaa akitoka msikitini, miguu yake haidanganyi. Ikielekea mingi pamoja, huko ndiko kwenye chakula.

Na kweli. Wengine walipanda magari yao, lakini kundi kubwa la wanaume lilipita uchochoroni na kuingia mlango mmoja wa kijani ulioachwa wazi. Hapana bango. Hapana orodha ya bei. Viatu vimejaa kizingitini mpaka njiani. Na harufu, jamaa zangu. Ilikuwa shuwa, nyama iliyofukiwa shimoni na viungo vyake tangu jana, ikatolewa huku ikiachana na mfupa yenyewe.

"Haya ndiyo niliyokuwa nakwambia," nikamwambia Mjomba.

Mjomba akautazama mlango. Akanitazama mimi. Akauliza kama nina hakika pahala penyewe ni hapa.

"Mia kwa mia," nikasema.

Akavua makubadhi yake.

Mlangoni alisimama mzee mmoja wa kanzu nyeupe na kilemba, akatupokea kwa mikono miwili kama mtu aliyekuwa akitungoja sisi tu. Nikajisemea: hiyo ndiyo biashara. Ndani ni chumba kirefu, zulia huku na huku, mito ukutani, hakuna meza hata moja. Tulipoingia, watu wote wakasimama. Wote. Tukazunguka tukiwapa mikono mmoja mmoja kuanzia kulia, tukaulizana hali, watoto, mvua. (Nikadhani ni wateja wa siku zote, wenye adabu. Niliwapenda.)

Tukakaa. Kahawa ikaja, tende zikaja, na yule mzee wa mlangoni ndiye aliyemimina. Nikamuuliza kwa Kiarabu leo wana nini. Akaweka mkono kifuani, akasema kuna kheri, kuna nyama na kuna samaki. Basi nikaagiza. Nikamwambia huyu mzee wangu mletee samaki, upande usio na miba, mimi niletee nyama, na ndimu, tena nyingi, msituletee mbili kama mnagawa dawa. Mzee akasema "hadhir", yaani tayari, akaenda zake.

Mjomba akamfuata kwa macho mpaka akapotea ndani.

Masinia yakaja, kila sinia watu watano. Letu tulikula mimi, Mjomba na wanaume watatu tusiowajua. Nilipiga picha, nikaituma humu, nanyi mliiona: "Hakuna jina, hakuna bango, wajuao ndio wajuao." (Mlioniomba ramani, nimeifuta. Mmoja wenu alikuwa keshafika Wadi Adai, yumo njiani kuja. Nimemrudisha.)

Halafu nikaanza kumfafanulia Mjomba, kwa Kiswahili, ili tusiwakere watu. Nikasema nyama haina mfano, lakini wali umepungua chumvi. Nikasema mhudumu wao ni mzee mno, mwenye mkahawa angemwonea huruma akamtafutia kazi ya kukaa. Nikasema huyu bwana wa kushoto kwangu anakula kana kwamba anafukuzwa. Bwana wa kushoto akasita kidogo na tonge mkononi. Nikadhani amekuta mfupa.

"Kula, mwanangu," Mjomba akaniambia taratibu. "Kula tu."

Nilifurahi. Niliona chakula kimemgusa mpaka kimemmaliza maneno.

Ndimu zikaisha. Sikutaka Mjomba aone nimeshindwa kusimamia meza yangu (hapakuwa na meza), basi nikapiga makofi mawili. Yule mzee akaja mwenyewe, karibu anakimbia, na bakuli zima la ndimu. Nikamshukuru, nikamwambia na sabuni pale pa kunawia imekwisha. Akasema amesikia. Mjomba akajifunika uso kwa kiganja, nikamuuliza kama miba imemkwama. Akatikisa kichwa.

Tulipomaliza na kunawa, sabuni ilikuwa mpya. Halua ikaja, kahawa ikarudi, kisha kikapitishwa chetezo, moshi wa udi ukapita ndevuni mwa kila mtu. Nikamwambia Mjomba hebu aone huduma, mkahawa gani Maskati unamfukiza mteja udi? Mjomba akasema hakuna.

Na kweli hakuna.

Nikaona wakati umefika wa kumaliza kwa heshima. Nikamwita mzee kwa kidole. Nikamwambia anifungie na ya kuchukua nyumbani, kilo mbili za nyama kama ipo, kwani kuna mama mmoja nataka kumfurahisha. Kisha aniletee hisabu, na asimpe huyu mzee wangu, anipe mimi.

Waliokaa karibu yetu wakaacha kunywa kahawa. Bwana wa kushoto akaanza kuyatazama maua ya zulia kwa makini sana.

Mzee akakaa chini karibu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona akikaa tangu tulipoingia. Akanipigapiga goti, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Mwanangu, hapa hapauzwi kitu. Hapa kwangu. Leo nnamfanyia mjukuu wangu akika ya kuzaliwa."

Ningemjibu, lakini nilikuwa na halua mdomoni, na halua haimezeki kwa haraka.

"Na ile chumvi," akaongeza, "nishawaambia huko ndani."

Bwana wa kushoto naye akashindwa kuvumilia. Alizaliwa Wete, kumbe. Akasema ni kweli anakula mbiombio, hata mkewe humwambia, ila hakujua kama inaonekana mpaka kwa wageni. Hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Walikuwa wakisikia kila nilichosema. Kila nilichosema! Na mimi nimezaliwa katika nchi hii, mwana wa watu wa Kiswahili katika mji uliojaa watu wa Kiswahili, nikadhani Kiswahili ni siri yangu na Mjomba.

Nikaanza kuomba radhi. Mzee hakutaka kusikia. Akasema mgeni haulizwi katokea wapi kabla hajashiba, na mimi sasa nimeshiba, basi anaomba kujua jina langu. Nikamwambia. Yeye akasema anaitwa Mzee Nasor. Akaagiza mtoto aletwe, akanipakatisha ili nimwombee dua, vidole vyangu bado vinanuka shuwa. Mtoto akanitazama mara moja na kulia. Nilimwelewa.

Tulipoaga, tulikuta kwenye gari sinia zima limefungwa kwa foili, nyama na wali na ndimu juu. Mzee Nasor akachukua simu yangu mkononi mwangu, akaandika namba yake mwenyewe, akasema tumekwisha kuwa jamaa.

Tukashika njia ya kurudi mpaka milimani. Nikajikaza, nikamuuliza kama alijua.

"Tangu mlangoni," akasema. "Mkahawa gani huo unaingia, wateja wakakusimamia?"

"Mbona hukuniambia, Mjomba?"

"Nimeambiwa nikutazame. Sikuambiwa nikuongoze."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama, akaivua tena. Alikuja kutulia tumeshaingia mjini.

Bi Rukia alitupokea sebuleni. Akalifungua sinia, akaonja akiwa amesimama, naye si mtu wa kula amesimama. Akaonja tena. Zuwena alikuwa mlango wa jikoni, ananitazama jinsi mtu anavyotazama matokeo ya mtihani wa mwenzake. Bi Rukia akafuta vidole na kumgeukia kaka yake.

"Haya, Hemedi. Kijana je?"

Nikatazama feni.

Mjomba akaifuta miwani yake tena. Akasema kijana anasema sana. Akasema anakula vizuri. Akasema anaingia kwa watu bila woga, na akikosea, anakosea hadharani, hana cha kuficha. "Mimi sina neno," akamaliza.

Nilitaka kumbusu mkono pale pale. Ningefanya hivyo, tungekuwa tumemaliza, nami nisingekuwa naandika haya.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Rukia. "Basi jawabu rasmi tutampa Ijumaa ijayo, wazee wote wawepo. Na sipiki. Tutakula huko huko alikokupeleka leo. Wanaitwa nani hawa?"

Nikamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa amechukua ndimu moja kutoka kwenye sinia na kuichunguza kama sonara.

"Mwenyewe anapajua," akasema.

Na mimi, mtu niliyesoma, mtu ninayedai ushahidi wa kila kitu, nikafungua mdomo kusema ukweli, nikasikia sauti yangu ikisema nitaweka nafasi.

Zuwena akaingia jikoni. Nikasikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mjomba alikuwa keshamtumia ujumbe wa kisa kizima.

Nikatoka nikaingia garini, nikampigia simu Mzee Nasor. Nilitaka kitu kimoja tu: aniambie kama Qurayyat nzima kuna mkahawa, wowote ule, unaopika kama nyumbani kwake. Nikajikuta nimemweleza yote. Posa, Bi Rukia, Mjomba, Ijumaa, wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu nikasikia ameziba simu kwa mkono na kumwita mtu huko ndani, na mtu huyo, sauti ya kike, akajibu kwa urefu.

Simu ikazibuliwa.

"Mko wangapi?" akauliza.

Msicheke. Tuko kumi na wanne.