Karakana Yangu na Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Kuanzia leo banda letu la gari ni karakana, na mimi ndiye fundi mkuu. Gari lenyewe tuliliuza zamani. Bandani mmebaki mabeseni, baiskeli isiyo na tairi na panya mmoja mnene anayejiona mwenye nyumba. Mali imelala tu!

Mke wangu naye analitaka banda kwa ajili ya cherehani zake. Anasema wateja wake anawapimia jikoni, na kila gauni linatoka likinuka vitunguu. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukapatana hivi: mama yake anakuja Jumamosi, atakuwa shahidi wetu. Kama kabla ya Jumapili gari lolote litaingia bandani likiwa bovu na kutoka likiwa zima, banda ni langu. La sivyo, Jumapili cherehani zinahamia humo, na mimi nisifungue mdomo wangu tena.

Nimekubali papo hapo. Maskini, hajui anacheza na nani.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kupeleleza gereji ya shemeji, kaka yake mke wangu, pale kwenye kona. Nikajifanya napita tu. Alikuwa chini ya lori. Akaniuliza huko huko chini, kwa kuviona viatu vyangu tu, kama Injinia nimekuja kujifunza au kuiba. Jina hilo alinipa siku nilipomtengenezea feni ikawa inazunguka kinyumenyume. Watu wengine hawasahau!

Lakini siri yake nimeipata. Ana shimo! Gari linasimama juu, fundi anasimama chini, hakuna kuinama. Ndiyo maana mgongo wake ni mzima, na wangu unalia kila nikifunga kamba za viatu.

Jioni nikashika jembe. Sakafu ya banda ni udongo mtupu. Bahati hiyo!

Jumatano, 5 Machi

Shimo limefika kifuani. Nikasimama ndani, nikatazama juu, nikajisikia fundi kamili. Mke wangu akachungulia mlangoni, akauliza nani amefariki.

Likabaki tatizo la mfuniko. Mbao za kununua ni anasa. Nikawaza, nikazunguka nyumba, nikaona chaga za kitanda cha wageni. Imara! Zimenyooka! Nimezipanga juu ya shimo, zimekaa kama zilizaliwa pale. Kitanda nacho nimekitengeneza vizuri: maboksi chini, godoro juu, shuka safi. Hakuna atakayegundua, ila atakayelala.

Alhamisi, 6 Machi

Rafu! Nimezipigilia pande zote mbili, kutoka chini hadi juu. Makopo ya grisi, misumari, spana nilizorithi kwa babu, vyote vimepata makao. Sikufanya kwa kubahatisha, nilipima. Nilikwenda kwa jirani, mwalimu wa hesabu, nikapima upana wa gari lake huku yeye akinitazama dirishani kwa wasiwasi. Gari linaingia, na inabaki nafasi ya kiganja kila upande. Hata kiganja hicho naona ni ubadhirifu.

Mke wangu akauliza, na mtu je? Nikamweleza kwa upole kwamba karakana ni ya magari, si ya watu. Akaenda zake kupima gauni la bibi harusi jikoni.

Ijumaa, 7 Machi

Bango nimeweka. Mlango wazi. Mteja hakuna hata wa dawa! Magari yote mabovu ya mtaa huu yananipita mbele ya macho yangu, yanakwenda kwa shemeji.

Biashara ni kutafuta. Nikamfuata mwalimu, nikamwambia injini yake inakohoa. Akasema anayekohoa ni yeye, gari halijambo. Nikajitolea hata kulikagua bure. Akafunga geti.

Kesho ndiyo mwisho. Mke wangu ameshaanza kushona mapazia ya banda. Ameyashona mbele yangu, tena akiimba! Roho inaniuma kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Mama mkwe amekuja na gari lake, lile la marehemu mumewe, na gurudumu la mbele linalia kwi! kwi! tangu kona ya shemeji. Niliposikia nilitaka kuruka. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba aniachie nilishughulikie kabla hata hajanywa maji. Akasema gari la marehemu haliachwi mikononi mwa mtu, lakini kama ni mkwe wake basi haya. Akahamia kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, akasema twende wote.

Nikaliingiza bandani taratibu. Kiganja kushoto, kiganja kulia. Ustadi! Mke wangu alikuwa mlangoni, nikampungia mkono.

Hapo chaga zikasema pwaa.

Gurudumu la mbele likazama shimoni. Gari likainama kama linasujudu. Rivasi haikusaidia, lilinguruma tu. Nikajaribu mlango wangu. Umegonga rafu. Mlango wa pili, rafu. Nikashusha kioo, nikakutana uso kwa uso na kopo la grisi. Njia pekee ni mlango wa buti, na kuufikia lazima nimrukie mama mkwe. Nimrukie mama mkwe! Heri nifie humo.

Basi tukakaa. Mama mkwe akaniuliza, baba, ndivyo linavyotengenezwa? Nikamwambia, mama, tuko hatua ya ukaguzi. Akasema sawa. Kisha akauliza mbona anaona chaga za kitanda alichotununulia yeye mwenyewe. Nikaangalia usukani.

Shemeji akafika na jeki, na nyuma yake mtaa mzima. Akafungua buti, akamwamkia mama yake, akampa chai na mto wa kuegemea. Mimi sikuulizwa hata maji. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila Injinia ameona aingie na mama yetu. Walicheka mpaka mwalimu akashika ukuta. Rafu zikang'olewa zote, gari likanyanyuliwa, likasukumwa nje.

Nikalijaribu uwanjani. Kimya! Hakuna kwi wala kwa! Nikashuka nikishangilia: limeingia bovu, limetoka zima, banda ni langu! Nilimwona mke wangu akikunja pazia lake, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikamhurumia.

Kisha shemeji akaingia shimoni, akatoka na kipande cha springi. Akasema kilichokuwa kinalia ni hiki, nacho kimebaki shimoni; gari limetoka pungufu, si zima.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani zimehamia. Shimo limefukiwa, na shemeji ndiye aliyelifukia, akipiga mluzi. Gari la mama mkwe liko kwenye gereji yake. Mapazia yamependeza, siwezi kusema uongo. Mke wangu amempima mteja wa kwanza bandani, akatoka anang'aa kwa furaha, akaniletea chai mwenyewe. Nikafurahi naye, ingawa nilijikaza nisionyeshe. Mama mkwe amenikabidhi nyundo na mbao mpya, amesema nikirudishe kitanda kilivyokuwa, naye atasimama pale pale kuangalia.

Usiku wa kuamkia leo mama mkwe alilala kwenye kitanda chetu na binti yake. Mimi nililala sebuleni, kwenye kochi. Na huko, nikiwa nimelala chali, nikagundua jambo ambalo halijawahi kunijia tangu tuhamie nyumba hii: sebule yetu ni pana mno! Taa nzuri. Sakafu ni zege, haichimbiki hata ukitaka. Kosa langu halikuwa shimo, wala rafu, wala chaga. Kosa lilikuwa magari.

Asubuhi hii, wote wakiwa bandani wakisifia mapazia, nimepima mlango wa sebule. Unatosha, na inabaki nafasi ya kiganja kila upande.

Pikipiki haina milango.