Kuhusu Fimbo ya Radi Ninayoruhusiwa Kuibeba Lakini Siyo Kuitumia

Ndugu Msimamizi wa Mchezo
(ambaye pia, kwa mapenzi ya Mungu na bila kuulizwa mimi, ni shemeji yangu),

Kichwa cha barua hii kinajieleza, lakini kwa kuwa nakujua, nitakieleza tena polepole.

Nimekuwa karani wa masjala miaka ishirini na miwili. Nimepokea malalamiko ya kila aina, hata ya bwana mmoja aliyekishtaki kiti. Sikudhani kuna siku ningekaa kuandika ya kwangu, tena kwa fundi wa kufuli.

Kwa faida ya atakayelifungua faili hili nikiwa nimeshastaafu: kila Jumapili mchana tunakutana karakanani kwako, kwenye meza ile ile unayochongea funguo. Tunapuliza vumbi la chuma, tunatandika ramani, tunarusha kete. Wewe unasimulia hadithi, na kila mmoja wetu ana mtu wake wa kubuni ndani yake. Mume wangu ni mwizi. Mwalimu mstaafu wa hesabu ni mtawa anayeponya majeraha, na ndiye anayetuandikia pointi. Mimi ni mpiganaji wa shoka. Ukishinda vita unapata pointi, pointi zikitosha unapanda daraja. Mpaka hapo sina neno.

Zamani tulikuwa watano. Wa tano alikuwa mama mkwe wangu, mama yako mzazi, mchawi wa daraja la kumi na nne, mwenye Fimbo ya Radi na asiyependa utani. Jumapili yake ya mwisho alikuja akaegemezwa mito, akaimaliza vita akiwa anahema, kisha akakugeukia na kusema: "Fimbo yangu apewe huyu. Ana mdomo, lakini harudi nyuma."

Uliandika kwa mkono wako. Wiki tatu baadaye tukamzika. Mimi nimekaa na mama yule miaka kumi na tisa, shemeji, na hakuwahi kunikabidhi hata ufunguo wa kabati la vyombo. Fimbo hii ndiyo kitu pekee alichowahi kunipa kwa hiari yake. Na wewe, bila haya, ukafungua kitabu chako cha sheria, ukalamba kidole, ukatusomea kwamba haitumiwi na mtu aliye chini ya daraja la tisa. Mimi niko la sita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fimbo ni kijiti. Haina macho, haina masjala, haina mtu wa kuipelekea majalada yangu. Imejuaje mimi niko daraja la ngapi? Nimekuuliza swali hili Jumapili saba, na mara zote saba umejibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Hata kwenye chumba changu, ambako kila kitu kimeandikwa, hatujawahi kufikia ujinga wa namna hiyo.

2. Kupigwa na silaha kubwa kuliko daraja langu naruhusiwa, tena tangu siku ya kwanza. Lile joka lililonila mguu wa kushoto halikuomba kuona cheti. Kuumia sina mpaka, kujitetea ndiyo nisubiri nikomae. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

3. Kuibeba, hata hivyo, naruhusiwa. Uzito wake mmeuhesabu kwenye mzigo wangu bila kusahau hata chembe. Kwa hiyo nimekuwa hamali wa fimbo yangu mwenyewe. Nilipotaka kuiegemea, kwa sababu mguu mmoja uko tumboni mwa joka, ukasema kuegemea ni kutumia. Mume wangu, mwizi wa daraja la tano, alipoomba kuanikia soksi zake juu yake, ukafikiri kidogo, ukakubali. Soksi! Kaka yako hana hili wala lile, akaanika, na Mwalimu akampa pointi mbili za ubunifu.

4. Kwenye pango la chumvi zimwi moja la daraja la pili, linalonuka na lisilojua kuhesabu, lilininyang'anya fimbo hiyo likatupiga nayo radi sisi wote watatu. Nikakuuliza, je, daraja la tisa? Ukajibu, bila kuona aibu mbele ya watu wazima, kwamba sheria ni ya wachezaji, mazimwi hayahusiki. Yaani mama yako ameacha urithi, mkwe wake anazuiliwa, zimwi linakaribishwa. Nimeandika jambo hili kwa wino mwekundu.

5. Tuje kwako mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Mwezi uliopita ulimchongea mtu funguo za lori, na mtu huyo alishindwa kuitoa baiskeli yake mlangoni pako bila kuangusha kibao. Hukumwuliza daraja. Na siku ya harusi yangu, ukoo wenu mzima ulinikabidhi kwa kijana asiyejua kukunja hata shati lake. Kama kuna kifaa chenye nguvu kilichowahi kuwekwa mikononi mwa mtu wa daraja la kwanza, ni mimi. Mbona siku hiyo kitabu hakikufunguliwa?

6. Kwa kuwa sheria ni msumeno, nami nina chupa ya chai. Kuanzia Jumapili ijayo chai itatolewa kwa daraja la nne na kuendelea. Sukari, daraja la saba. Kukaa kwenye kiti chenye mto, ambacho nimekishona mimi, daraja la kumi. Wewe, kama msimamizi, huna daraja lolote, kwa hiyo utakunywa maji, tena utayafuata mwenyewe bombani. Mwalimu amepinga. Nimemjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Maombi yangu si makubwa. Ukurasa ule uchanwe, au, kama unaogopa kuchana kitabu, uufunike kwa karatasi na gundi, vitu ambavyo ofisi yetu inavyo vingi. Nami nikabidhiwe haki yangu ya kupiga radi kabla sijazeeka. Usijaribu kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kunipa panga jipya. Sitaki panga. Nataka alichonipa mama.

Nisalimie wifi, nisalimie watoto, umsalimie na yule jirani yako wa matairi anayetuchungulia dirishani akidhani tunapiga ramli. Kaka yako anakusalimu pia, anauliza kama soksi zimekauka.

Ni mimi, niliyekasirika kwa adabu zote,
Shemeji yako, Masjala, Chumba cha Nne.

Nyongeza: Barua nimeshaisaini, kwa hiyo haya hayamo.

Juzi Mwalimu alikuja ofisini na daftari la pointi, amechanganyikiwa. Anasema kwa hesabu yake mimi nilifika daraja la tisa zamani, lakini kila akirudi kwenye ukurasa wangu anakuta namba zimepungua. Nimemwambia akapime macho. Macho yake ni mazima. Ni mimi ninayezifuta, kwa kifutio cha ofisi, wakati ninyi mnabishana kama mwizi anaweza kuogelea na viatu.

Unaijua desturi yetu. Anayeanza kutumia kifaa, jina la mwenyewe wa zamani linafutwa kwenye kadi ya kifaa hicho, linaandikwa la mpya. Kadi ya fimbo ninayo mimi, kwenye mkoba. Jina la mama lipo juu, kwa penseli. Chini yake, kwa mwandiko uliokuwa umeshaanza kutetemeka, ameandika: "Baada yangu, mwanangu mwenye mdomo." Miaka kumi na tisa, shemeji, aliniita "huyu".

Basi sheria ibaki. Ikiwezekana ipandishe hadi daraja la ishirini. Jumapili nitakuja kugombana nawe kama kawaida, na nitapiga meza. Wewe nikatalie tu.