Kitabu cha Mizani kwa Jina la Mama Limi

Jumatano, 3 Machi 1954
Nimepakwa majivu. Padre kasema Kwaresima hii niandike makosa yangu kila siku, maana nikienda kuungama nasahau yale makubwa. Haya. Naacha pombe. Naacha kumsema jirani yangu Mabula.

Jioni: chama cha pamba kinatafuta karani wa mizani! Kiti, kivuli, kaptura ya kaki! Mgongo wangu umekwisha kwa jembe, na dhahabu ya Geita ilinikataa zamani. Nisipopata hii, nitazikwa na jembe mkononi. Mabula naye anaitaka. Mjinga yule! (Kosa la kwanza.)

Alhamisi, 4 Machi
Mwalimu Eustace kaletewa sanduku la vitabu vya maarifa vya kuazima. Mtu mmoja, kitabu kimoja. Nimemkuta bado anapiga mswaki. Kwa jina langu nimechukua kinene kuliko vyote. Ukikibeba kwapani watu wanakuamkia mara mbili. Chembamba cha mizani nimekiandikisha kwa jina la mke wangu, Mabula asikipate. Mama Limi kanung'unika, yeye anataka cha kuku, kuku wake wanakufa tangu Krismasi. Nikamwambia kuku hawana cheo.

Mabula kaja saa nne. Kimebaki cha kuku tu! Nimecheka mpaka nimepaliwa.

Jumapili, 7 Machi
Kumbe kinene ni cha nyuki. Kurasa mbili, usingizi. Cha mizani nimekificha ndani ya kihenge, chini ya mtama. Nitakisoma kesho.

Mabula kaniuliza njiani, masomo vipi, Baba Limi? Nikasema matamu. Uongo. Naandika.

Jumatano, 10 Machi
Kuulizwa maswali ya ukarani ni kesho. Mvua. Nimekunywa kidogo, ya kuzuia baridi. Cha mizani nitakisoma asubuhi, si chembamba?

Kuku wa Mama Limi wanapona. Kasafisha banda, kawatenga wagonjwa. Sijui kajulia wapi.

Alhamisi, 11 Machi
Kihengeni mtama mtupu. Kitabu hakuna! Nikashuku panya. Nikaenda hivyo hivyo, cha nyuki kwapani.

Mzee Maige, mwenyekiti, kauliza: utajuaje mizani inadanganya? Nikasema nitaikazia macho. Wakulima wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba mizani si mkwe, haitaona haya. Mabula kajibu taratibu: kwanza itazame tupu, mshale umelala sufuri? Halafu weka jiwe la ratili unazozijua. Kapewa kazi palepale.

Kisha akamgeukia mke wangu, akamshukuru mbele ya watu wote. Wabeja sana, mayu, kwa kitabu.

Walibadilishana! Kisimani, cha mizani kwa cha kuku! Nyumbani nimefoka mpaka sauti imekauka. Mama Limi alikuwa anawamwagia kuku maji. Kanijibu bila kugeuka: Baba Limi, si kimeandikwa jina langu?

Jumamosi, 13 Machi
Nimeungama yote. Padre alikohoa sana. Nadhani alikuwa anacheka. Lakini nimetubu kweli. Ubaya wangu ni husuda, sasa nauona wazi kama mchana. Nimemwombea hata Mabula.

Nikitoka kanisani nasikia baraza linatafuta karani. Thobias, shemeji yake Mabula, anaitaka. Na Jumatatu Mwalimu Eustace analetewa sanduku jingine, kuna kitabu cha mashauri ya baraza. Safari hii simwandikishi Mama Limi, ng'o. Nimepata akili.

Nitamwandikisha mama mkwe. Yeye hajui kusoma.