Baiskeli Yangu na Mkwe wa Bongwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya nne bila mke. Mwanaima yuko Bongwe kwa mama yake, na sababu anayoitoa ni cheni. Cheni mpya, haijawahi kuona vumbi! Niliiloweka kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria yake ya biriani. Ningeiosha. Nilimwambia ningeiosha.

Anadai si sufuria peke yake. Anataja fremu iliyokaa kwenye kiti cha wageni, tairi nyuma ya mlango, breki kwenye kabati la vikombe. Miaka miwili, anasema. Ni mwaka mmoja na miezi kumi. Mtu akikasirika hesabu humponyoka.

Leo amekuja Mzee Boga, mjomba wake, na ujumbe wa mkwe wangu, Mama Biasha. Mkwe amesema fundi wa baiskeli ambaye baiskeli yake mwenyewe iko vipande vipande hahitaji mke, anahitaji ghala. Jumamosi nifike Bongwe nikiwa nimeiendesha baiskeli hiyo, ikiwa nzima. Nisipofika, Mwanaima harudi. Na nisije kwa pikipiki nikasema baiskeli inafuata.

Mimi, Mwero, ninayetengeneza baiskeli za nusu ya Ukunda, napewa mtihani! Nimekubali. Nyumba haina sauti. Nimekula mkate mkavu nimesimama.

Jumanne, 5 Agosti

Kifurushi kimefika kutoka Mombasa. Mikono mipya ya pedali, bakuli mpya za gololi za kuzungushia mikono hiyo, pedali mpya pamoja na viatu vyake. Nimevipanga mezani nikavitazama hadi chai ikapoa.

Kwa wasiojua: hii si baiskeli ya kubebea madumu ya maji. Ni grevo, kama wanavyoiita wageni wa Diani. Usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi pana, imeundwa kwa barabara za murramu, zisizo na lami. Mjerumani mmoja aliniachia fremu alipohama. Ukunda hii hakuna fundi mwingine mwenye nayo.

Magurudumu na breki nimeshafunga. Tatizo moja. Bakuli za gololi zina meno pembeni na hazikazwi ila kwa spana yenye meno. Spana hiyo iko moja tu, na iko kwa Kalama, fundi wa ng'ambo ya barabara. Mwaka juzi nilitangaza mbele ya wateja wake kwamba Kalama hutengeneza baiskeli kwa kamba na bahati. Siwezi kwenda kumwomba kitu leo. Nimetumia nyundo na tindo. Bakuli imekwaruzika. Kidole gumba kimevimba.

Nimepata mpango. Luqman kinyozi ataipeleka baiskeli kwa Kalama, aseme ni yake, aazime spana kwa dakika tano.

Jumatano, 6 Agosti

Luqman amerudi bila spana. Bila baiskeli pia.

Anasema Kalama alimwambia spana haitoki kibandani kwake, ila baiskeli aiache, ataimaliza yeye. Nikamuuliza kwa nini hakukataa. Akasema alishakaribishwa kahawa, na si adabu kunywa kahawa ya mtu kisha umkatalie.

Basi nimeshinda kutwa nzima nikimtazama Kalama ng'ambo ya pili akiishika fremu yangu. Anapiga mluzi! Watu wamejaa. Luqman amesimama katikati, mkono kiunoni, anapokea pongezi. Namsikia akiwaeleza alivyohangaika kutafuta vipuri. Alivyohangaika yeye!

Kisha Kalama akauliza kwa sauti ni nani aliyefunga zile breki. Luqman akajibu ni fundi mmoja hivi, hakumbuki jina. Kalama akasema fundi huyo aache kazi kabla hajaua mtu. Watu wakacheka. Nilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nimeziba mpira wa mteja mahali pasipo na tundu.

Alhamisi, 7 Agosti

Baiskeli imekwisha asubuhi. Luqman akaipanda akaenda nayo Tiwi. Amerudi saa kumi jioni, anasema mwenye mali lazima aijaribu mali yake.

Nimemkumbusha nani mwenye mali. Akajibu kwamba yeye analijua hilo, lakini Kalama halijui, na angesikitika sana Kalama akilijua. Ndivyo kinyozi wangu kwa miaka minane alivyoniambia. Tumepatana: ataiendesha kila Ijumaa baada ya sala, kuanzia wiki ijayo. Nimeichukua nyuma ya bucha, nikaifunika turubai, nikaingia nayo nyumbani kwa uchochoro kana kwamba nimeiiba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeijaribu alfajiri hadi karibu na Bongwe na kurudi. Giya hazitoi sauti. Breki zinashika kwa kidole kimoja. Nimetafuta kosa la Kalama kwa saa nzima sikulipata, na hilo limeniharibia siku.

Amefunga pedali za zamani. Zile mpya amezirudisha ndani ya mfuko na ujumbe kwa Luqman: asizitumie kwanza, zinahitaji mwezi wa mazoezi, hasa ya kushuka. Wivu mtupu. Hizi ni pedali za kunasa. Kiatu chake kina kipande cha chuma chini ya unyayo. Ukikanyaga, kinafunga tak, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino nje.

Nimezifunga. Nimejiegemeza ukutani nikanasa na kutoka mara nne. Rahisi. Mtu mzima hafundishwi kushuka baiskeli.

Ninamkosa mke wangu. Naandika mara moja tu, sitairudia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimevaa kanzu? Hapana, ingeingia kwenye cheni. Nimevaa shati jeupe na viatu vya kunasa. Nimefika Bongwe kwa mwendo wa kifahari. Mpango ulikuwa nisimame kabla ya nyumba, nishuke taratibu, niingie uani nikiikokota.

Mama Biasha hakuningoja uani. Alikuwa njiani, kapu la muhogo kichwani, na Mzee Boga nyuma yake. Mkwe hapitwi na mtu aliye juu ya baiskeli. Unashuka, unasogea pembeni, unainamisha macho, unaamkia. Hata mtoto wa Bongwe analijua hilo.

Nikazungusha kisigino. Hakikutoka. Nikazungusha kingine. Ukuta haukuwepo. Nikaona heri nimzunguke hadi mguu utoke. Nikasema shikamoo, mama. Akasema marahaba. Nikazunguka tena, nikasema shikamoo, mama. Akasema marahaba, polepole zaidi. Mara ya tatu akashusha kapu. Mzee Boga aliuliza kama nimepagawa.

Nikaanguka. Miguu ikiwa imenasa, mzimamzima, paji la uso mbele ya ndala za mkwe wangu.

Watu wakatoka majumbani. Nikajaribu kuinuka, baiskeli ikanivuta chini. Nikajaribu tena. Mzee Boga akasema kwamba katika umri wake wote hajaona mume akiomba radhi namna hii. Mama Biasha akafuta macho kwa ncha ya leso. Akaanza kuninasihi. Kuhusu subira, kuhusu sufuria, kuhusu marehemu mumewe aliyekuwa akisafisha koroboi zake nje. Nasaha zote nimezisikiliza nikiwa nimelala, shavu mchangani, nikisema naam.

Mwanaima akatoka. Alinitazama mara moja akajua nimenasa. Hakuwaambia. Alichuchumaa, akafungua kamba za viatu, nikatoka soksi tupu. Mabega yalikuwa yakimtetemeka kwa kicheko. Sikujali. Ningelala pale hadi magharibi.

Amerudi nami kwa tuktuk. Baiskeli juu.

Jumapili, 10 Agosti

Wali wa nazi, papa, mchicha. Nimekula mara tatu. Mwanaima ametoa sharti moja: hakuna kipuri kitakachoingia ndani ya nyumba hii. Nimeapa kwa mkono juu. Kwa jumla mpango wangu umefanikiwa, ingawa kwa njia ambayo sikuichora. Luqman amepita kuulizia Ijumaa.

Jumanne, 12 Agosti

Kuna sauti. Tik. Mara moja kila mzunguko, upande wa kushoto. Mtu mwingine asingeisikia. Nilijua tu Kalama ameacha kosa!

Mwanaima ameenda sokoni, angerudi saa kumi. Nje mvua. Kibandani bati linavuja. Kufungua gololi kunahitaji mahali pakavu, papana, na peupe, maana gololi ikianguka penye weusi huioni tena. Nimetafakari nyumba nzima. Mahali kama hapo ni kitandani tu: shuka mpya, nyeupe, zawadi ya mama yake. Na kitanda si sakafu, na sharti, ukilifikiria vizuri, lilihusu mambo ya kuachwa ovyo ovyo. Nimevipanga vipuri kwa mstari. Gololi kwenye mto wangu, si wake.

Saa tisa nimemaliza kuvifungua, kwa nyundo na tindo. Sauti haikutoka huko. Huenda ni gurudumu. Nimefungua gurudumu pia.

Mwanaima amerudi mapema. Amesimama mlangoni muda mrefu. Ameuliza, kwa upole kabisa, yeye atalala wapi. Nimemwonyesha upande wa ukutani, ambako hakuna kitu ila fremu, na fremu ni nyembamba. Nimemwambia pia kwamba ni kwa leo tu, kesho nitaagiza gurudumu jipya Mombasa.

Ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mkoba wa nguo mapajani, na hadi sasa hajavua buibui. Joto lote hili chini ya bati, sijui anangoja nini.