Bitiruti Zetu Zisitenganishwe

Kwa Mama Mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa jikoni, kwenye meza uliyotupa wewe, bustani yetu naiona dirishani. Mwanao amekwenda kutengeneza friji za watu, na ingawa leo alirudi mara mbili mlangoni kuniaga, nimeshamkumbuka. Sisi hatujambo, tena hatujambo kupita kiasi. Hata hivyo nina malalamiko, nayo ni mazito.

Siku ya harusi ulinikabidhi kitambaa chenye mbegu za marehemu bibi, za zile bitiruti ambazo ukizikata zina pete nyekundu na nyeupe ndani. Ulisema dukani hazipo, na kwamba hizo ndizo za mwisho. Nikazipanda zote, kwa mapenzi. Sasa Jumapili ulisimama kando ya tuta ukasema, "Mwanangu, hii ni bustani au foleni? Jumamosi nakuja na kijembe nizipunguze." Kwa heshima zote, ninaomba agizo hilo lifutwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Zimeota mbili mbili. Jumapili ulitueleza kwamba kila punje ni kifungu cha mbegu kadhaa, lakini tulipozipanda hatukujua. Tulipoona kila shimo limetoa jozi, mwanao alinishika mkono akasema, "Tazama, hata hizi zimeoana." Baada ya maneno hayo, nimng'oe nani, bwana au bibi? Palipoota tatu, tumehesabu ya tatu kuwa mtoto. Palipoota tano ni ukoo, na ukoo haung'olewi.

2. Unasema zisipoachiwa nafasi ya ngumi moja hazitanenepa. Mama, sisi tunakula sahani moja na kutembea chini ya mwavuli mmoja mdogo. Bega la mwanao huloa, naye hajalalamika. Hupiga chafya tu. Na kama kubanana kunazuia kunenepa, mbona suruali zake zote hazifungiki tangu tuoane? Wewe ndiye fundi cherehani, wewe ndiye uliyezipanua.

3. Ulishauri zitakazong'olewa tuzipike mboga. Jambo hili lilituumiza. Mwanao aliinama akasema, "Mama amezoea mkasi." Hata jirani yetu muuguzi alikuunga mkono kutoka ng'ambo ya ukuta: "Dada, ng'oa tu, hayo ni majani." Yeye hajaolewa, nimemsamehe.

4. Tukikubali hili, litaishia wapi? Leo bitiruti, kesho soksi, keshokutwa mimi na mwanao tutaamriwa kuketi mbali mbali kwenye kochi letu wenyewe, na wewe katikati na kijembe.

Kwa hiyo ninaomba, pamoja na kufutwa kwa agizo, kijembe kibaki kwako mpaka nitakapokuwa bibi mwenye wajukuu. Na kwa kuwa ulisema yale mbele ya bitiruti zenyewe, ingefaa uje uziombe radhi, jioni, wakati zinamwagiliwa, maana ndipo zinapokuwa zimetulia.

Nisalimie Baba, umwambie chai yake iko hapa wakati wowote. Nisalimie wifi na mumewe, na paka. Mwanao angewasalimu pia, ila hajui kwamba ninaandika.

Ni mimi, mkazamwana wako, mwenye furaha isiyo na mfano.

Nyongeza: Nilipomaliza kusaini nilikwenda kung'oa jozi moja karibu na mlango, nikutilie kwenye bahasha kama ushahidi. Zilikuwa zimejisokota pamoja kama uzi, na zote mbili ni nyembamba kuliko kidole changu kidogo. Nimezikata. Pete hazionekani. Nimekaa hapo chini kwenye udongo nikimfikiria bibi, na kile kitambaa ambacho sasa ni kitupu. Mama, usingoje Jumamosi. Njoo kesho na kijembe, unionyeshe ya kuacha na ya kung'oa, nami sitalia, au nitalia huku ninang'oa.

Na kile kitanda kipana kilichoko stoo kwako, kama hakina mtu, mwambie Baba atuletee. Mwanao hulala kama kitu kilichomwagwa, na mimi tangu harusi nimebandikwa ukutani. Usimwambie kwamba nimesema. Hatuhitaji nafasi kubwa. Ngumi moja kati yetu itatosha.