Gamba la Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Ndiyo kupotea gani huku, mwanangu? Hata salamu! Basi nakuandikia humu daftarini, ukija ujisomee uone haya. Herufi zenyewe kanifundisha binti yako, si wewe.

Binti yako ana mtihani Ijumaa. Kapewa mdudu wa maji wa enzi na enzi, aliyegeuka jiwe, mdogo kuliko ufuta. Alikuwa akiishi katikati ya magamba mawili, kama kunde kwenye ganda lake. Mwalimu anasema hajulikani jina, kwa hiyo aelezwe magamba tu: umbo, vishimo, miiba, na bawaba inayoyashikanisha. Hakuna mwingine kama huyo. Maelezo yakipungua, binti yako harudi chuoni.

Jumanne, 4 Juni

Shangazi yako kaja kunusa mambo ya watu. Kachungulia darubini aliyoileta binti yako kutoka chuoni, kasema anaona takataka. Takataka! Ina mbavu, ina kinundu cha jicho, ina miiba mitatu nyuma! Mjukuu wangu kanionyesha kimoja kimoja. Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Jumatano, 5 Juni

Nikawaza: mdudu hana kosa, ni mchafu tu. Birika langu nalitoa ukoko kwa siki, linang'aa. Binti yako alipotoka, nikalidondoshea gamba la kulia tone moja. Nikachungulia. Lahaula, mapovu! Anapumua! Nikamwita shangazi yako mbio aje aombe radhi kwa mdudu.

Akainama, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Wifi," akasema, "leo hata takataka sizioni."

Nikamtoa nje. Nikatafuta chenga ya mchele, ndogo kuliko zote, nikaiweka palepale.

Alhamisi, 6 Juni

Binti yako kakaa kwenye darubini, kachungulia, kainua kichwa.

"Bibi, hii ni chenga ya mchele."

Nikamwambia, si mlikuwa mnamtafutia jina? Hakucheka. Alilia, maana bawaba ya gamba la kulia alikuwa hajaiandika. Nikalia naye, nikamnawisha uso, nikamlisha uji kwa mkono wangu kama mtoto. Lakini na mimi nina uchungu wangu! Nani kamwambia mdudu ajitengenezee nyumba ya kuyeyuka kwa siki?

Akafuta machozi, akalirudia gamba la kushoto, akaliandika mpaka kishimo cha mwisho.

Ijumaa, 7 Juni

Kafaulu! Kwa tabu, lakini kafaulu. Mwalimu kasema bawaba ya kushoto ina meno na mashimo ya kupokea meno, kwa hiyo ya kulia inaweza kukisiwa. Ila kamwandikisha: "Gamba la kulia halipo." Halipo, kama mtoro! Hata neno moja kwamba liliondoka likiwa safi.

Jumamosi, 8 Juni

Gamba la kushoto limefungiwa kabatini, nisiliguse. Kabati ni langu, nililonunua mimi. Kesho kutwa wakubwa wa chuo wanakuja kulitazama, na vishimo vyake vimejaa vumbi. Mjukuu wangu hatasimama mbele za watu na kitu kichafu, mimi nikiwa hai.

Ukija, niletee mswaki wa mtoto mchanga, ule laini. Pitia mlango wa jikoni, na binti yako usimwambie.